Nitashika Mawili

Kifaru alikufa Jumapili moja, kama saa kumi na moja jioni, juu ya meza ya plastiki huko South B, na wote wanne wakageuka kuniangalia mimi.

Usiwaite polisi. Kifaru alikuwa mhusika wa beshte yangu katika Dungeons & Dragons, ule mchezo wa dadu, penseli na karatasi ambapo mmoja wenu, DM, anasimulia dunia na nyinyi wengine mnaishi ndani yake. Alikuwa pande la mtu lenye shoka, kicheko cha kuamsha mtaa, na deni kwenye kila baa tuliyopitia. Tulikuwa tumetembea naye tangu levo ya 1, na siku hiyo tulikuwa levo ya 6. Zimwi lilimpiga rungu, akaanguka, zamu zikapita bila mtu kumfikia, na dadu za kupigania roho zikamkataa mara tatu. Hapo mchezo hauna huruma.

"Sasa si umfufue?" akaniambia mwenyewe, bado anatabasamu.

Nikaangalia karatasi yangu kana kwamba ingebadilika. "Siwezi."

"Huwezi aje, na wewe ni kuhani?"

"Mimi ni kuhani nusu."

Kimya. Kisha jamaa wetu wa mahesabu, mtu anayejua kila jedwali la kitabu kwa kichwa, akaweka soda chini na kusema polepole kama hakimu anayesoma hukumu: "Ndio nilikuambia tangu mwanzo. Mshika mawili, moja humponyoka."

Haya ni majibu yangu kwake, na kwa kila msee aliyewahi kumwambia mchezaji mgeni kwamba kuchanganya klasi mbili za sihiri ni kuharibu mhusika. Nimekaa nayo mwaka mzima. Sasa nayatoa.

Kwanza niweke kesi yao mezani vile ilivyo, maana ni kesi ya kweli. (Na nitasema sihiri, si uchawi, kwa makusudi. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya neno mchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna ugomvi wa shamba. Sina hamu ya kulichezea.) Katika mchezo huu kuhani anapewa sihiri zake na mungu anayemtumikia. Msomi anazipata kwenye daftari lake, kwa kukariri na kunakili. Mhusika wangu, Mwalimu Faki, alikuwa vyote viwili: levo 3 za kuhani, levo 3 za msomi, jumla 6.

Kitabu cha sheria tunachotumia, kile cha mwaka 2014, kinakubali jambo hilo lakini kinatoza. Ukichanganya, nafasi zako za kutupa sihiri kwa siku zinahesabiwa kwa jumla ya levo zako zote. Lakini sihiri unazozijua zinahesabiwa kila klasi kivyake, kana kwamba ile nyingine haipo. Kwa hivyo Faki alikuwa na nafasi 4 za daraja la 1, nafasi 3 za daraja la 2 na nafasi 3 za daraja la 3, sawasawa na kuhani kamili wa levo ya 6. Sihiri za daraja la 3 zenyewe? Hakuna hata moja. Ni kuwa na tanki la lori na leseni ya bodaboda.

Na daraja la 3 si mchezo. Hapo ndipo msomi anapata ule mpira wa moto wa dadu nane za pande sita, ambao kila mchezaji mpya anauota usiku. Hapo ndipo kuhani anapata sihiri ya kumrudisha mtu aliyekufa, mradi hajamaliza dakika moja na una almasi za vipande 300 vya dhahabu. Kila mmoja wao anafika hapo levo ya 5. Mimi levo ya 6 sikuwa na moto wala uhai. Ongeza kwamba kuhani anategemea busara na msomi anategemea akili, sifa mbili tofauti, na sheria inataka uwe na angalau 13 katika kila moja kabla hujaruhusiwa kuchanganya. Unalipa mlangoni na unalipa ndani.

Hiyo ndiyo kesi yao, na sijaipunguza. Sasa nisikilizeni mimi.

Hoja wanayoipenda zaidi ni ya mwisho wa safari. Wanakwambia: baki msomi mtupu, ukifika levo ya 17 utapata sihiri za daraja la 9, zile za kuomba jambo na dunia ikatii. Ukichanganya nusu kwa nusu, hutaziona kamwe. Ni kweli, hutaziona. Lakini hebu niulize kwa upole: wewe umeziona?

Tufanye hesabu, kwa kuwa wanapenda hesabu. Kufika levo ya 8 kunahitaji pointi 34,000 za uzoefu. Kufika levo ya 17 kunahitaji 225,000. Kampeni yetu ilichukua miezi kumi na minne, Jumapili mbili kwa mwezi tukibahatika, na iliishia levo ya 8. Haikuishia hapo kwa sababu tulimshinda adui. DM alipata kazi Eldoret, beshte mwenye Kifaru akapata kandarasi Doha, na mwenye keja akapandisha kodi. Hatukuwa tumefika hata sehemu moja kwa sita ya njia ya kwenda levo ya 17. Na kampeni yetu ilikuwa ndefu! Nimekaa kwenye meza zilizokufa levo ya 3 kwa sababu ya mvua na fare.

Kwa hivyo mtu anaponiambia nijinyime leo ili niwe na nguvu levo ya 17, ananiuzia ploti ambayo haina barabara, haina maji, na yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Wahenga walishamaliza kesi hii: fimbo ya mbali haiui nyoka. Mhusika anaishi katikati, levo ya 3, ya 5, ya 7, Jumapili hizo chache ambazo watu wote wanne wamepata nafasi. Mpime hapo.

Halafu kuna unafiki, na huu ndio unaonichoma kuliko yote. Jamaa huyu wa mahesabu ana mhusika mwingine katika meza nyingine. Msomi. Hodari kweli. Na levo yake moja, ya kwanza kabisa, ni ya nini? Ya kuhani. Nilipomwona nayo nilicheka hadi nikakohoa. "Hiyo ni tofauti," akasema. "Hiyo ni ya ngao."

Na ni kweli, ni ya ngao. Ukichukua levo moja tu ya kuhani unapata ruhusa ya kuvaa deraya ya uzito wa kati na kubeba ngao, vitu ambavyo msomi haruhusiwi, na nafasi zako za sihiri hazipungui hata moja kwa sababu levo zote zinahesabiwa pamoja. Wataalamu wa mahesabu wanalisifu hilo. Ni busara, wanasema. Ni ujanja. Kumbe ukimtumikia mungu kwa sababu ya chuma, wewe ni mwerevu. Ukimtumikia kwa sababu mhusika wako anaamini, na bado anapenda vitabu, umeharibu mhusika. Yaani shida yao haijawahi kuwa kuchanganya. Shida ni kuchanganya kwa mapenzi.

Sasa tuende kwenye ukuta wenyewe. Nani alisema kitabu na dua ni vitu viwili vinavyopaswa kukaa mbali?

Mchezo huu ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ulitoka Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani. Klasi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mtumia sihiri na kuhani. Kuhani mwenyewe alizaliwa kwenye meza ya Arneson huko Minnesota, katika kampeni yake iliyoitwa Blackmoor. Kulikuwa na mchezaji aliyekuwa anaendesha vampaya, na vampaya huyo alikuwa amewazidi wenzake nguvu. Ikabidi aundwe mtu wa kumdhibiti: mtu wa dini, mwenye kufukuza wafu. Basi. Huo ndio msingi wa ukuta ambao wasee wanaulinda kwa machozi. Haukuteremka kutoka mbinguni. Ulijengwa ili kumtuliza mchezaji mmoja aliyekuwa anaharibia wengine Jumamosi yao.

Na tangu ukuta ujengwe, kila toleo limeutoboa mlango na kuweka bei yake. Kitabu cha mwaka 1978 kilimwambia binadamu: huwezi kuwa viwili kwa pamoja, acha klasi ya kwanza, uwe na 15 katika sifa kuu ya ile ya zamani na 17 katika ile mpya, kisha anza upya. Kitabu hichohicho kikamruhusu nusu-elfi kuwa kuhani na mtumia sihiri kwa wakati mmoja tangu siku ya kwanza, mradi kila pointi ya uzoefu igawanywe katikati. Mwaka 2003, toleo la tatu lililorekebishwa likawa na njia iliyoitwa Mystic Theurge: ukipata sihiri za daraja la 2 za pande zote mbili, kwa kawaida levo 3 kwa 3, unaingia humo na kila levo inakuongeza pande zote kwa mpigo. Ulikuwa nyuma ya wenzako kwa levo 3, lakini pengo halikukua tena. Kisha likaja toleo la 2014 na tanki lake la lori.

Mchanganyiko ni uleule, bei ni tofauti kila mara. Kitu ambacho bei yake inabadilika kila kitabu kikichapishwa upya si sheria ya maumbile. Ni bei ya duka, na bei ya duka mtu ana haki ya kuilalamikia. Pia ana haki ya kuilipa bila kuchekwa.

Sasa niwaambie Mwalimu Faki alitoka wapi, maana sikumtoa hewani.

Nilipokuwa na miaka saba, likizo, nyanya yangu alinipeleka kwa mzee mmoja Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Homa ilikuwa haijanitoka kwa wiki. Dawa za hospitali nilikuwa nameza, na nyanya alizihesabu mwenyewe kila asubuhi, lakini hakuwa mtu wa kuweka mayai yote kapu moja. Nikambusu mzee mkono. Akauliza jina langu na jina la mama yangu, akayageuza herufi kuwa hesabu, akafungua kitabu cha falaki ambacho kurasa zake zilikuwa zimekuwa rangi ya chai. Alipomaliza kusoma na kuhesabu, akachukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani, akaiosha kwa maji ya waridi, akanipa ninywe. Hiyo inaitwa kombe. Kisha ikaadhiniwa alasiri, akainuka kwenda msikitini.

Sisemi kombe ndilo lililoniponya. Najua pia kuna mashehe wanaoyakataa mambo hayo kabisa, na huo ni mjadala wao. Ninachosema ni hiki: watu wa pwani wana jina la mzee yule. Anaitwa mganga wa kitabu. Ni jina moja. Ana kitabu, ana dua, ana hesabu, ana swala, na asubuhi anafundisha watoto chuoni. Mwulize, "Mwalimu, nguvu zako zinatoka kitabuni au kwa Mungu?" angekutazama vile unavyomtazama mtu aliyeuliza kama chai inatoka kwenye majani au kwenye maji.

Mimi nilipofungua kitabu cha mchezo kwa mara ya kwanza nikamtafuta mzee yule. Hayuko. Nusu yake iko ukurasa wa kuhani, nusu yake iko ukurasa wa msomi, na katikati kuna ukuta uliojengwa Minnesota kwa sababu ya vampaya. Nifanye nini? Nimkate mzee? Nichague nusu ipi? Nikalipa bei. Levo moja huku, levo moja huku, hadi akatokea: Faki, mwenye daftari moja ambalo mbele kuna sihiri na nyuma kuna nyiradi, kwa sababu karatasi ni ghali.

Ukiniambia nilichagua vibaya kimahesabu, nitakubali. Ukiniambia nilimharibu mhusika, wewe ndiye hujui mhusika ni nini.

Na tena hebu tutazamane. Meza nzima iliyonihukumu siku ile ilikuwa ya watu wa kazi mbili mbili. DM ni mhasibu na wikendi anapiga picha za harusi. Mwenye Kifaru alikuwa anauza viatu vya mitumba mtandaoni usiku na mchana yuko bohari. Mwenye mahesabu, huyohuyo wa "mshika mawili", anaandika programu na nyuma ya nyumba anafuga kuku wa mayai. Hakuna hata mmoja Nairobi hii anayeweza kuishi kwa klasi moja. Halafu tukikaa mezani, mahali pekee ambapo tunaweza kuwa chochote, ndipo tunaambiana tuchague moja? Ati tuwe kama wale watu wa kwenye matangazo ya benki, wenye ndoto moja iliyonyooka?

Najua hapo mtu atanijibu: maneno matamu, lakini Kifaru bado amekufa. Sawa. Hoja ya levo ya 17 ni rahisi kuibomoa. Hii ya levo ya 5 ndiyo ngumu, na siikimbii. Ningebaki kuhani mtupu, Kifaru angeinuka. Zamu moja, sekunde 6 za mchezo, almasi zinateketea, anafungua macho, tunaendelea na vita. Uamuzi wangu wa kuchanganya ulimgharimu rafiki yangu mhusika aliyemlea miezi tisa. Hilo ni langu. Nilimwomba radhi kwenye ngazi siku ileile, na hakunijibu hadi Jumatano.

Lakini ngoja nikuambie kilichofuata, kwa sababu mahesabu hayana safu ya kukiandikia.

Kwenye karatasi ya Faki kulikuwa na sihiri ya daraja la 2 ya kuitunza maiti isioze. Inadumu siku 10, na siku hizo hazihesabiwi katika muda wa kumrudisha marehemu. Tena inaweza kufanywa kama ibada, bila kutumia nafasi yoyote, ukiwa na dakika 10 za ziada. Jumapili iliyofuata Faki alipiga magoti, akaweka sarafu kwenye macho ya Kifaru, akasoma. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga: "Hatumziki. Tunasafiri naye."

Tulihitaji hekalu lenye kuhani mkubwa kuliko mimi. Hatukujua liko wapi. Kulikuwa na magofu ambayo tulikuwa tumeyapita miezi miwili nyuma, yenye ukuta ulioandikwa lugha ya watu waliokwisha, na hakuna aliyejali wakati ule. Tukarudi. Faki akafungua upande wa mbele wa daftari, akafanya ibada ya msomi ya kuelewa lugha, akaweka kiganja ukutani, akasoma mstari kwa mstari. Ilikuwa orodha ya mahekalu na umbali wake kwa siku za kutembea. La karibu lilikuwa siku kumi na sita.

Siku kumi na sita na jeneza. Mwenye Kifaru alikuwa hana mhusika, kwa hivyo DM akampa mwenye punda, mtu wa kukodishwa kubeba maiti. Aisee. Beshte yangu alikaa Jumapili tatu akicheza mtu anayebeba maiti yake mwenyewe, akilalamika kwa uzito wake, akiuliza wengine marehemu alikuwa mtu wa aina gani. Nasi tukawa tunamjibu. Mwindaji wa jamaa wa mahesabu, ambaye kwa miezi tisa alikuwa hajasema lolote isipokuwa idadi ya mishale, usiku mmoja kwenye moto akamwambia mwenye punda kwamba marehemu alikuwa anamdai, na kwamba angetoa chochote ili adaiwe tena. Pale mezani hakuna aliyegusa soda.

Tuliuza kila kitu kupata almasi ya dhahabu 500 ambayo ibada ile kubwa inahitaji. Tukauza hadi punda, mwenye punda akigoma. Kifaru akafufuka. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amelipa.

Sasa niambie. Sekunde 6 na almasi za 300, au hizo Jumapili tatu? Najua jibu la mahesabu. Mimi naongea na wewe uliyekuja mezani kusimuliwa hadithi. Upungufu wa Faki ndio uliotupa kazi ya kufanya. Na nusu zake zote mbili ndizo zilizoifanya: nusu moja ilimtunza maiti, nusu nyingine ilisoma ukuta. Watu wanasema aliyejifunza viwili anajua kila kitu nusu. Kuna milango ambayo inataka nusu mbili.

Sisemi mchanganye ovyo. Nimeona mtu mwenye klasi nne kwenye karatasi moja, na huyo hakuwa mhusika, alikuwa kibanda cha soko. Ukitaka kushika mawili, shika mawili, si matano. Chagua sifa moja iwe kuu, na kwenye upande wa pili beba sihiri zisizoitegemea. Mimi busara ya Faki ilikuwa kubwa, akili yake ya kawaida, kwa hivyo upande wa msomi nilichukua ngao ya ghafla inayoongeza 5 kwenye kinga yako, mishale ya sihiri isiyokosa, ibada za kusoma lugha. Hakuna hata moja inayouliza akili yako ni ngapi. Zile nafasi za daraja la 3 usiziache zilale: sihiri ndogo nyingi zinakua ukizitupa kwa nafasi kubwa. Baraka ya kuhani inawagusa watu 3 kwa nafasi ya daraja la 1, na watu 5 kwa nafasi ya daraja la 3. Mishale ile ni 3 kwa nafasi ya kwanza na 5 kwa ya tatu. Lori lina kazi hata kwa leseni ya bodaboda, ukijua njia. Kumbuka pia kwamba sihiri inayotaka umakini ni moja tu kwa wakati, hata uwe na klasi ngapi.

Na kabla ya yote, waambie wenzako. Hapo ndipo nilikosea, na kosa hilo ni kubwa kuliko kuchanganya kwenyewe. Sikuwahi kusema wazi mezani: "Jamani, mkifa, mimi sitaweza." Wangejua, wangepigana kwa kujilinda zaidi, au mmoja angenunua dawa. Waliniona na alama ya mungu shingoni wakadhani. Kushika mawili si dhambi. Kuwaacha watu wadhani umeshika moja yote, hiyo ndiyo dhambi.

Baada ya Kifaru kurudi nilitishika. Nasema ukweli. Levo mbili zilizofuata nilizipeleka zote upande wa ukuhani, hadi nikawa kuhani wa levo 5 na msomi wa levo 3. Nikapata ile sihiri ya kufufua. Jamaa wa mahesabu akanipigia makofi. Nikanunua almasi za vipande 300 vya dhahabu, nikaziandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu.

Tukacheza Jumapili mbili zaidi. Hakuna aliyekufa. Kisha Eldoret, kisha Doha, kisha kodi.

Karatasi ya Faki iko kwenye droo yangu, na almasi zipo bado, kwa wino mwekundu. Nilitoa levo mbili kuzipata. Ningezipeleka kwenye daftari, angejifunza kusoma kuta zaidi.

Meza mpya inaanza mwezi ujao, Kahawa West, na jamaa wa mahesabu atakuwepo. Ameniuliza kwa meseji nitacheza nani. Nimemjibu kwamba nitacheza wawili.